Kununua televisheni ndogo ya HD kwa pesa kidogo Lubumbashi bila kulizwa

Mezani pangu hapa Katuba zimelala televisheni tatu za inchi 32. Hakuna hata moja iliyofikisha miezi sita mikononi mwa mwenyewe. Ya kwanza imeunguzwa na umeme. Ya pili ilikuja na ndugu aliyetoka ng'ambo, nayo haijui umeme wetu. Ya tatu ni nzima kabisa. Mwenyewe ameileta kwa sababu picha "haifanani na HD", anataka niifanyie ufundi mpaka iwe kama katoni ilivyoahidi.

Makosa hayo matatu nayaona mwaka mzima, na wanaoyafanya si wajinga. Wamesoma katoni. Shida ni kwamba katoni imeandikwa na anayeuza. Kibandiko cha nyuma ya televisheni na flashi iliyo mfukoni mwako havina cha kuuza, ndiyo maana mwongozo huu umejengwa juu ya viwili hivyo.

Naandika kwa mtu mwenye pesa ya televisheni moja tu, asiye na ya kurudia. Ukubwa ninaoulenga ni inchi 19 hadi 32.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kwenda sokoni

- Futi ya kupimia, ya seremala au ya fundi cherehani.
- Flashi ya GB 8 au 16. Ndani yake weka video ya mpira uliyoipata ikiwa safi, filamu moja kama zile unazotazama kila siku, na picha tano za rangi tupu: nyeusi, nyeupe, nyekundu, kijani na buluu. Picha hizo unaweza kuzitengeneza kwa simu kwa dakika tano.
- Dekoda yako mwenyewe, na waya zake zote. Wengi huona aibu kubeba dekoda sokoni. Ondoa aibu.
- Waya wa HDMI, ule mmoja unaobeba picha na sauti kwa pamoja, ambao una hakika ni mzima.
- Betri mbili ndogo za telekomandi. Dukani utaambiwa betri zimekwisha.
- Simu yenye tochi, na kitambaa kikavu.
- Multimetri, yaani kipimo cha volti, ukiweza kuiazima kwa jirani anayefanya umeme.
- Mtu wa pili. Yeye atatazama wakati wewe unajadiliana bei, na atashika upande mmoja wakati wa kurudi.

Pesa nazo zigawe ukiwa bado nyumbani. Katika kila dola 100, televisheni isile zaidi ya 75 au 80. Zinazobaki ni za stabilizateri (kifaa cha kutuliza volti), waya na usafiri. Anayemaliza zote kwenye televisheni huichomeka ukutani moja kwa moja jioni ileile, kisha ninamwona mimi. Na noti za dola zikague moja moja: yenye mchaniko hata wa kucha itakataliwa, halafu utajikuta unabadilisha kwa hasara palepale sokoni.

## Hatua ya 1: Pima nyumbani

Inchi za televisheni hupimwa kwa mshazari, kutoka pembe ya chini ya kioo hadi pembe ya juu ya upande wa pili. Inchi moja ni sentimita 2.54. Kwa hiyo kioo cha inchi 24 kina mshazari wa sentimita 61, upana wa karibu 53 na kimo cha karibu 30. Cha inchi 32 kina mshazari wa sentimita 81, upana wa karibu 71 na kimo cha karibu 40. Ongeza kidogo kwa ajili ya fremu.

Pima mambo matatu, uyaandike.

Kwanza, upana wa meza au kabati. Televisheni nyingi za siku hizi zina miguu miwili iliyokaa pembeni kabisa, si mguu mmoja wa katikati. Kabati la sentimita 50 halitabeba inchi 32, hata kama kwa macho linaonekana linatosha.

Pili, umbali kutoka kioo kitakapokaa hadi macho ya mtu aliyeketi. Pima kutoka kwenye kiti, kisha pima tena kutoka kwenye mkeka wanapokaa watoto. Namba hii ndiyo itakayokuokolea pesa katika hatua ya pili.

Tatu, umeme. Saa moja hadi saa tatu usiku, wakati mtaa mzima umewasha, chomeka multimetri na usome. Umeme wetu unatakiwa kuwa volti 220. Ukikuta 160, au namba inapanda na kushuka mbele ya macho yako, iandike hivyohivyo. Usipime saa nne asubuhi na kuridhika.

## Hatua ya 2: Chagua HD inayokutosha

Hapa ndipo pesa nyingi hupotelea.

Kioo cha televisheni ni nukta ndogondogo zilizopangwa kwa mistari. Televisheni ndogo inayoitwa HD huwa na nukta 1366 kwa upana na 768 kwa kimo, jumla kama milioni moja. Full HD ina 1920 kwa 1080, kama milioni mbili. Kwa namba, ya pili ni mara mbili ya kwanza. Kwa macho, inategemea umekaa wapi.

Chukua kioo cha inchi 32. Nukta zake 768 zimegawana kimo cha sentimita 40, kwa hiyo kila nukta ni kama nusu milimita. Jicho zima la mtu huacha kutofautisha nukta ya ukubwa huo likifika karibu mita 1.8. Ukiketi mita mbili na nusu, Full HD na HD ya kawaida za inchi 32 zitaonekana sawa, hata ziwekwe bega kwa bega. Kwa inchi 24 ni zaidi ya hapo: ukipita mita 1.4 tu, tofauti imekwisha.

Kwa hiyo rudi kwenye namba yako ya umbali. Kama kiti kiko mita mbili au zaidi, nunua HD ya kawaida na tofauti ya bei uipeleke kwenye stabilizateri. Full HD ilipiwe na anayeketi karibu sana, kama mwanafunzi wa chumba kimoja mwenye kitanda na meza, au anayetaka kuitumia pia kama kioo cha kompyuta kwa kusoma maandishi.

Onyo juu ya maneno ya katoni. "1080p supported" haina maana kwamba kioo kina nukta 1080. Maana yake televisheni inapokea picha ya ukubwa huo, halafu inaipunguza ienee kwenye kioo chake kidogo. "4K" kwenye katoni ya televisheni ya inchi 24 ya bei ya chini ipite kama unavyopita tangazo ukutani. Na neno "LED" halikuambii lolote kuhusu uzuri wa picha, maana linazungumzia taa zilizo nyuma ya kioo tu.

Kama muuzaji anadai Full HD na anataka bei ya Full HD, azimeni laptop duka la jirani, uiunganishe kwa HDMI ikiwa kwenye 1920 kwa 1080, ufungue ukurasa wa maandishi madogo. Kwenye Full HD ya kweli herufi zinasimama kali. Kwenye kioo cha 1366 kingo za herufi zinakuwa na ukungu, kama zimeandikwa kwa wino uliolowa.

## Hatua ya 3: Geuza televisheni usome mgongo wake

Kila televisheni ina kibandiko nyuma. Tafuta mstari wenye herufi AC (umeme wa ukutani) au DC (umeme wa betri).

AC 100-240V, 50/60Hz. Hii ndiyo ya kutafuta. Inavumilia umeme ukishuka jioni bila kuzimika-zimika.

AC 220-240V. Inakubalika, ila isikae bila stabilizateri kama multimetri yako ilisoma chini ya 190.

AC 100V peke yake. Hiyo imetengenezwa kwa ajili ya Japani. Ukiichomeka kwenye 220 yetu itatoa moshi kabla hujarudi kuketi. Ile ya pili mezani pangu ndiyo hii. Mwenyewe alisikia "imetoka Japani" akaona amepata lulu.

AC 120V, 60Hz. Ya Marekani. Inahitaji transfoma ya kupunguza umeme, na sehemu yake ya antena haielewi matangazo yetu. Hata ukipewa bure, fikiria mara mbili.

DC 12V. Inatumia adapta kama ya laptop, au betri moja kwa moja. Kwa nyumba zinazoishi kwa delestaji, yaani kukatiwa umeme kwa zamu, au kwa sola, hii inaweza kuwa bora kuliko zote. Tufanye hesabu. Televisheni ya inchi 24 yenye kibandiko cha 12V 2.5A inakula si zaidi ya wati 30. Dekoda tuipe wati 12. Jumla 42. Betri ya 12V yenye Ah 100 ina wati-saa 1200, na ya asidi haifai kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo una 600 za kutumia. Gawa kwa 42 upate saa 14, yaani jioni tatu nzuri bila kugusa umeme wa SNEL, shirika letu la umeme. Ukipitisha kwenye inverta, inayogeuza umeme wa betri kuwa kama wa ukutani, utapoteza sehemu njiani, ndiyo maana kuunganisha moja kwa moja kunalipa.

Ila kuna mtego. Betri inayochajiwa na sola hupanda hadi volti 14 na zaidi. Televisheni iliyoandikwa "12V" pekee inaweza isipende hiyo. Tafuta iliyoandikwa masafa, mfano 10 hadi 15V. Usipoipata, mwambie fundi akuwekee kipunguza volti katikati.

Na zile zinazopita Kasumbalesa zikitokea Zambia mara nyingi zina plagi ya miguu mitatu bapa. Televisheni yenyewe ni sawa na umeme wetu, kasoro ni plagi. Badilisha plagi nzima. Zile adapta za bei ya karanga hulegea, zinatoa cheche, na cheche huua ubao wa umeme polepole.

## Hatua ya 4: Smart au ya kawaida?

Kwa bajeti ndogo, ya kawaida. Nitasema kwa nini halafu tuendelee.

Televisheni smart ya bei ya chini ina ubongo mdogo kuliko simu yako. Mwaka wa kwanza inajikokota, mwaka wa pili programu zinaacha kufunguka, na megabaiti zote hizo unazilipia wewe. Ukiweka kando pesa ya "smart", kwa bei ileile unapata kioo kizuri zaidi. Simu unayo tayari, na filamu unazihamishia kwenye flashi. Mwenye Wi-Fi ya kudumu nyumbani anaweza kunibishia. Mwenye bando la siku hana sababu.

## Hatua ya 5: Hesabu matundu

Unahitaji angalau HDMI mbili, moja ya dekoda na moja ya akiba. HDMI moja inatosha kwa leo, lakini tundu ndilo linalochakaa mapema kwa kuchomwa na kuchomolewa. Unahitaji USB moja. Tundu la sauti la kutoa ni jambo la maana kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu spika za televisheni nyembamba ni dhaifu na siku moja utataka kuunganisha redio yako.

Kama unategemea antena na si dekoda, tafuta neno DVB-T2, mfumo wa kupokea matangazo ya dijitali kwa antena, kwenye kibandiko au kwenye menyu. DVB-T bila ile 2 ni kizazi cha zamani. Haitasoma matangazo ya T2. Mwenye dekoda ya Canal+ au StarTimes hana haja ya kuumiza kichwa hapa, maana dekoda ndiyo inayofanya kazi ya kupokea.

Sasa ile televisheni ya tatu, nzima isiyo na kosa. Nilimwuliza mwenyewe, "Papa, dekoda umeiunganisha kwa waya gani?" Akanitolea mfukoni waya tatu za rangi: njano, nyeupe na nyekundu. Hapo ndipo HD ilipofia. Waya wa njano haubebi HD hata kidogo. Unabeba picha ya zamani ya mistari 576, halafu televisheni inaivuta ienee kioo kizima, ndiyo maana nyuso zinakuwa kama zimepakwa mafuta. Nilimchomekea HDMI, nikaingia kwenye menyu ya dekoda nikaweka 720p, akabaki ameshika mdomo. Lakini kama dekoda yako ni ya zamani isiyo na tundu la HDMI, au chaneli yenyewe hairushwi kwa HD, hakuna televisheni itakayokuumbia kile ambacho hakikutumwa.

## Hatua ya 6: Majaribio dukani

Iwe ni soko la Kenya, soko la Mzee Kabila au duka lenye kioo mjini, sheria ni moja: haiwaki, hainunuliwi. Utasikia maneno. Juzi nilisimama nyuma ya mama mmoja aliyejua anachotaka.

"Mama, hii ni mpya, ona plastiki yake. Tukiifungua nani ataichukua?"

"Mimi. Ikiwaka vizuri, papa, pesa iko hapa."

"Hapa hatuna umeme saa hii."

"Nitangoja umeme urudi. Nimekuja na chakula."

Aliwashiwa dakika tano baadaye, kwenye duka la pili, kwa ralonji, waya wa kurefusha umeme. Umeme ulikuwapo.

Plastiki ya kioo isikutie moyo, inaweza kubandikwa upya. Tazama skurubu za nyuma: zenye mikwaruzo kwenye kichwa zimekwisha kufunguliwa. Kisha fuata mpangilio huu.

Iwashe, uizime, uiwashe tena mara tatu. Ubao wa umeme uliochoka hujificha ukiwa na joto na kugoma kwenye kuanza. Inapaswa kuwaka kila mara bila kupepesa.

Chomeka flashi, fungua picha nyeupe. Tafuta nukta nyeusi, madoa ya kijivu na pembe zilizofifia. Kioo kizima kiwe na weupe mmoja. Doa jeusi la duara kubwa ni taa ya nyuma iliyokufa au inayokaribia kufa. Taa hizo huunganishwa kwa mfuatano, na moja ikikatika, mara nyingi mstari mzima unaondoka nayo.

Picha nyeusi. Mwambie mtu wako azibe mwanga kwa kitenge au katoni. Mawingu meupe kidogo kwenye kingo ni ya kawaida kwa bei hii. Mwanga mkali unaotoka pembe moja maana yake kioo kilibanwa au kilianguka.

Nyekundu, kijani, buluu. Kila rangi itakuonyesha nukta zilizokwama kwenye rangi nyingine. Nukta moja pembeni, omba bei ishuke. Tatu katikati, acha. Mstari wa wima, hata mwembamba kama unywele, acha bila mjadala. Mistari huwa inaleta wenzake.

Chuchumaa. Hili wengi hawalijui, na kwa nyumba zetu ndilo kubwa. Weka filamu yenye sura za watu, chuchumaa hadi kimo cha mtoto aliyeketi kwenye mkeka, utazame kioo kikiwa juu yako. Vioo vya bei ya chini, hasa vya inchi 19 hadi 24, hugeuza rangi ukivitazama kutoka chini: uso unakuwa mweusi, meno yanang'aa kama kwenye negativu ya picha. Ukitazama wima kama ulivyosimama dukani, huoni kitu. Ukifika nyumbani ukaiweka juu ya kabati, familia nzima inatazama mizimu. Halafu sogea kushoto na kulia pia. Kioo kizuri hupauka kidogo tu.

Video ya mpira. Tazama mpira ukipigwa mbali. Mkia mfupi nyuma yake ni wa kuvumilia. Ukiona mipira mitatu, kioo ni kizito kubadilisha picha. Ukitaka kufuata Mazembe, jaribio hili usiliruke.

Filamu yako ya kila siku. Televisheni nyingi za bei hii hazisomi video zilizobanwa kwa mtindo wa H.265, au zinaonyesha picha bila sauti. Si ubovu, ni uwezo wake. Bora uujue kabla ya kulipa.

Dekoda yako, kwa HDMI. Tikisa waya kidogo kwenye tundu. Picha isikatike.

Sauti hadi juu. Sikiliza kama mwili wa televisheni unatetemeka. Kisha telekomandi, kwa betri zako, kutoka mita nne.

Iache iwake nusu saa huku mnajadiliana. Mwisho gusa mgongo wake: vuguvugu ni sawa. Harufu ya plastiki inayoungua si sawa. Na fungua menyu ya maelezo. Jina na namba ya modeli viendane na kibandiko cha nyuma. Zipo zenye jina kubwa usoni huku menyu ikiwa haina jina lolote.

### Kama ni okazioni (iliyokwisha kutumika)

Majaribio ni yaleyale, ongeza mawili. Ukiambiwa "ina shida ndogo tu, inatoa sauti lakini haina picha", washa tochi ya simu karibu sana na kioo. Ukiona picha hafifu inatembea humo ndani, taa za nyuma zimekufa na zinatengenezeka. Waulize mafundi wawili bei kabla ya kutoa hata franka moja. Usipoona chochote, achana nayo. Na kioo kilichopasuka hakitengenezwi. Kioo kipya kinakaribia bei ya televisheni nzima, na anayekuambia vingine anataka uiache mezani kwake.

Njia nyingine ambayo watu huidharau ni kioo cha kompyuta cha okazioni cha inchi 22 chenye HDMI. Vingi ni Full HD ya kweli, vilikuwa vya maofisini, na rangi zake hushinda televisheni mpya za bei ileile. Vingi havina spika, na havina antena. Ukiwa na dekoda na redio ya kuunganisha sauti, umepata. Mimi mwenyewe ninatazama kwa kioo cha namna hiyo.

## Hatua ya 7: Bei na fakitire

Uliza mwanzo kabisa kama bei ni ya dola au ya franka, na kwa kiwango gani. Makosa uliyoyaona katika hatua ya 6 yataje moja moja kwa upole. Hayo ndiyo punguzo lako.

Fakitire, yaani risiti, iandikwe modeli, namba ya serie iliyo kwenye kibandiko, tarehe, na siku za garanti, halafu ipigwe muhuri. "Televisheni 1" peke yake haina nguvu. Ukirudi baada ya wiki, atasema hiyo si yake, na kwa karatasi ya namna hiyo atakuwa na haki.

## Hatua ya 8: Kuibeba

Isimame wima kila wakati. Ukiilaza, kioo kinajikunja kwa kila shimo la barabara, na ufa hautauona mpaka uiwashe. Kwa manseba, yaani teksi ya pikipiki, inawezekana kwa inchi 24 zikiwa ndani ya katoni, katikati yako na dereva, upande wa kioo ukiwa kwenye mgongo wake. Inchi 32 ipande taksi. Miezi ya mvua, funga katoni yote kwa plastiki.

## Hatua ya 9: Jioni ya kwanza

Kama ni asubuhi za baridi za mwezi wa sita au wa saba, iache ipumzike saa moja chumbani kabla ya kuiwasha. Unyevu ulioganda ndani ukauke kwanza.

Stabilizateri ya VA 500 inatosha kabisa kwa televisheni na dekoda. Iwe inayokata umeme volti zikipanda kupita kiasi, na yenye kuchelewesha kidogo umeme ukirudi. Friji isichomekwe humo. Sababu ya kusisitiza kukata ni hii: waya wa nyutro ukikatika kwenye nguzo, nyumba moja inaweza kupelekewa karibu volti 380 badala ya 220. Ile televisheni ya kwanza mezani pangu iliondoka hivyo, na taa saba za nyumba hiyo pamoja nayo. Usiku wa delestaji, chomoa. Umeme ukirudi, ngoja dakika tatu au nne uone kama taa zimetulia, ndipo uchomeke.

Halafu ingia kwenye menyu. Televisheni ikiuliza duka au nyumbani, chagua nyumbani. Hali ya duka huwasha taa za nyuma kwa nguvu zote ili zivutie wanunuzi. Tafuta mwanga wa nyuma, ushushe hadi 50 au 60. Siku ya kwanza utaona kumefifia, kesho hutakumbuka, na taa zitadumu zaidi. Kama matokeo ya mpira yanakatwa kwenye pembe ya kioo, badilisha ukubwa wa picha uwe skrini nzima bila kukuza.

Kwenye mvua ya radi, kuzima kwa telekomandi si kuzima. Chomoa plagi, chomoa na waya wa antena au wa sahani, kwa sababu radi hupitia huko pia.

Siku za garanti zitumie. Iwashe saa nne au tano mfululizo kwa jioni tatu, na jioni ya tatu rudia picha nyeupe na nyeusi ukilinganisha na ulivyoona sokoni. Mstari ukitokea au doa likikua, irudishe kesho yake asubuhi, ndani ya katoni yake, fakitire juu. Katoni usiwape watoto kabla ya hapo.